Gari la Mlango Mmoja

Gari la Shebwana lilikuwa na mlango mmoja tu, mbele, unaofunguka kama wa kabati. Lilikuwa kuukuu, limevimba kama chura, na gia ya kurudi nyuma ilikuwa imekufa zamani. Kwa hiyo pua yake ilipogusa ukuta wa nyumba ya msiba, mlango haukufunguka. Yeye na mkewe, Mwanakheri, wakabaki wamefungiwa ndani, na maiti ya mama yake Mwanakheri iko upande wa pili wa ukuta.

"Nilikwambia tuje kwa miguu!" alifoka.

"Punguza sauti, mke wangu. Watu wanasikia."

"Na wasikie! Miaka yote unalisifu hili kopo. Leo naja kumuaga mama yangu, unanifungia humu koponi!"

"Haya, leo tumeletewa wafiwa ndani ya mtungi," mtu alisema nje, na wengine wakacheka.

Kisha kicheko kikakatika. Jeneza lilikuwa linatoka. Mwanakheri alipiga kioo kwa viganja vyote viwili, akiita "Mama! Mama!" mpaka kaka yake Athumani, aliyebeba mbele, akasimama.

"Tuliweke chini," alisema.

"Maiti haicheleweshwi, Athumani," mbebaji mwenzake alisema.

"Na mtoto hanyimwi kumuaga mama yake. Wekeni chini!"

Wakalishusha, wakaenda kulishika gari kwa nyuma.

"Taratibu jamani," Shebwana alisema, "msilikwaruze."

Mwanakheri alimtazama, akachomoa ufunguo wa gari, akaufumbata. "Tutarudi kwa miguu," alisema. Gari likaanza kusogea, na mwanga mwembamba ukapenya kati ya mlango na ukuta.