Mpira wa Upepo

Stambuli alipoukata mpira uliounganisha lori na tela lake, hayakutoka mafuta ya breki hata tone. Ulitoka upepo tu, kwa mlio mrefu, halafu kimya. Akafuta kisu cha kukatia migomba kwenye suruali na kuchungulia. Ernest, mwenye lori, alikuwa bado anakula wali kwa mama ntilie pamoja na wapakiaji wake.

Breki zimekwisha, alijisemea. Kwenye matela ya matrekta, ambayo ndiyo aliyoyajua tangu ujana, mpira ukikatika breki imekufa. Na mteremko wa kutoka Matombo haumbembelezi mtu.

Roho ilikuwa ikimuuma. Miaka yote ndizi za kijiji zilishuka kwa trekta lake. Kisha trafiki wakamzuia: tela zito namna ile lazima liwe na breki zake lenyewe, sheria ndiyo hiyo, na la kwake halikuwa nazo. Wiki hiyohiyo Ernest akaja na lori linalong'aa, tela lake limekamilika kila kitu, akamtilia mchanga kitumbua chake. Stambuli hakuwa mtu wa kukubali kuaibika. Nyumbani alimwambia mkewe, Mwaisha, na mwanawe Faraja kwamba breki mpya alishafunga, ila Ernest amewajaza trafiki maneno. Wakamwamini.

Akapanda bodaboda, akashuka hadi chini ya mteremko na kukaa kwenye kibanda cha chai, mahali ambapo kila mtu angemwona. Akaagiza chai. Alikuwa akiisikiliza barabara. Mara alitamani lori lisije kabisa, mara alitamani lije upesi yaishe. Kivuli cha kibanda kikahamia upande wa pili, naye bado anasikiliza.

Simu ikaita. Alikuwa Mwaisha.

"Baba Faraja, umepotelea wapi? Lori la Ernest limegoma. Halisogei hata kidogo."

"Limegoma vipi?"

"Mpira wa upepo umekatika. Anasema tela la namna ile upepo ukitoka, breki zinajibana zenyewe mpaka fundi aje."

Stambuli alishusha pumzi. Alijiona mjinga, na akamshukuru Mungu kwa ujinga huo. Leo hakuna atakayekufa.

"Alhamdulillahi," alisema.

"Alhamdulillahi ya nini, na ndizi zinaiva?" Mwaisha alicheka. Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wakiimba, na injini ikinguruma. "Tumezihamishia kwenye tela lako. Faraja anaendesha, sisi na watoto tumekaa juu ya mikungu. Mteremko tumeshauanza."

Kikombe kilimponyoka.

"Mwambie asimame. Mwaisha, mwambie Faraja asimame sasa hivi."

Nyimbo zilikuwa zimekatika.

"Anajaribu, baba Faraja."