Kamba ya Ufukweni

Uvumi kwamba bahari ya kisiwa kile huwachukua waliolala ulimganda Kibonge kama ruba tangu hotelini. Ndiyo maana yeye na mashoga zake wawili wakafunga magodoro yao ya upepo pamoja kwa mitandio, wasipotezane.

Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Wakaelea, wakataniana, wakasinzia.

"Shoga, fundo lako limekaza?" aliuliza Kibonge, macho kayafumba.

"Limekaza. Lala, mwoga we."

"Na kamba ya kutushikiza kwenye mti, kule ufukweni, aliifunga nani?"

"Si wewe?" wakauliza wote wawili. Kibonge akafumbua macho. Miavuli ya ufukweni ilikuwa midogo kama vifungo vya shati.

Basi, wanangu, msilale majini. Msiingie wote, abaki mmoja nchi kavu. Na msidhani mwenzenu ameshafunga.