Kosa la Kila Jumatatu

Fundi alibonyeza kengele mara tatu, kompyuta mpya kwapani, hotuba ya kuomba radhi kichwani. Alikuwa amekuja kumwachisha ziwa mtu mzima.

Wenzake sita walikuwa wamempa sharti. Programu yao ya kupangia picha ni huria, hailipiwi, na wao huitengeneza kwa kujitolea. Lakini nusu ya jasho lao lilimezwa na kazi ya kuiwezesha ifanye kazi kwenye mfumo mmoja wa zamani wa kompyuta, ambao hata kampuni iliyouunda iliuzika miaka ishirini iliyopita. Uondolewe kabla ya Ijumaa, walisema, la sivyo wataondoka wao. Mkewe hakutoa sharti. Kompyuta kuukuu ambayo Fundi aliiweka nyumbani ya kujaribia mfumo huo aliiita "mke mwenzangu", na kila asubuhi aliiamkia kwa heshima zote.

Tatizo ni kwamba duniani alibaki mtumiaji mmoja wa mfumo ule, mwalimu mstaafu, mjane, aliyemwandikia Fundi barua kila Jumatatu bila kukosa: leo picha zimepinduka, leo herufi zimetoweka. Kwa miaka tisa Fundi alimjibu siku hiyohiyo. Tena alimwahidi kwamba maadamu mwalimu yupo, mfumo hautaachwa. Muungwana ni vitendo, na sasa roho ilikuwa inamuuma.

Mwalimu alifungua, akamkaribisha kwa bashasha, akamketisha. Fundi akaanza hotuba, akakwama kwenye neno la pili. Mezani palikuwa na kompyuta mpya kuliko ile aliyoibeba. Ile ya mwalimu ya zamani, yenye mfumo ule, ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa, na juu yake chungu cha maua.

"Hii ya mezani ni ya nani, mama?"

"Yangu. Ni ya tatu tangu niiache ile."

Fundi akauliza zile barua basi zilikuwa za nini.

Mwalimu akamshika mkono. "Uliniahidi hutauacha mfumo maadamu nipo. Nikakuonea huruma, mwanangu. Watu wote wameshauacha, umebaki kuung'ang'ania peke yako. Nikiacha na mimi, mtoto wa watu atashika nini? Basi kila Jumatatu naiwasha ile, naisumbua mpaka ikosee."

Akavuta daftari, akavaa miwani.

"Kosa la Jumatatu ijayo nimeshalipata. Nikupe sasa, au utasubiri?"