Tumbo la Mbuzi

"Huyu mbuzi alikufa jana sokoni," Dokta Thaddée alisema, "lakini weye, Mama Shalom, umemuua tena."

Ernestine hakuwa na nguvu ya kucheka. Tangu alfajiri alikuwa ameinama juu ya beseni lenye tumbo la mbuzi, ameshika mpira mrefu wa kutazamia tumboni, akijifunza kushona kidonda kwa sindano iliyofungwa kwenye ncha yake. Kila alipokosea, maji mekundu yalichuruzika upya kutoka kwenye tumbo hilo. Maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani. Shalom, mtoto wake mchanga, alibaki kwa bibi yake.

Mgonjwa mwenye kidonda cha tumboni asiposhonwa leo, hataiona kesho. Madaktari wa Bukavu walikuwa wamekibana kidonda chake kwa vibanio, na vibanio vimeng'oka. Damu iliyobaki hospitalini ameshapewa yote. Kumrudisha Bukavu haiwezekani: vita vimekata barabara kule Sange, siku moja tu baada ya Dokta mwenyewe kurudi kutoka Bukavu.

"Ni nani, Dokta?"

"Usiulize jina. Mukono ukimjua muntu, unatetemeka."

"Basi mushone mwenyewe. Minye ni muuguzi tu, infirmière."

Dokta alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ya koti imevutwa hadi viganjani ingawa joto lilikuwa kali, midomo imepauka kama jivu. Mkate alioletewa hakuugusa. Ernestine hakushangaa. Siku hizi nani Uvira alikuwa na uso wa mtu aliyelala?

"Dawa ya usingizi imekwisha," Dokta alisema. "Mgonjwa atakuwa macho. Na minye mule ndani sitaongea. Tuzoee kidole."

"Kwa nini?"

"Sauti imechoka."

Akagonga meza mara moja: acha. Mara mbili: endelea.

Wakaendelea hivyo, acha, endelea, acha, hadi saa sita mchana, mshono wa nne ulipokaza na maji yakatulia. Dokta aliinama juu ya beseni, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Iko muzuri," alisema. "Twende."

Chumbani kitanda kilikuwa kitupu. Ernestine aliuosha mpira, akaangalia mlangoni.

"Mgonjwa iko wapi?"

Dokta Thaddée alivua koti, akalikunja polepole. Kwenye mkono wake wa kulia, chini ya plasta, ilibaki sindano ya kuongezea damu. Akapanda kitandani, akalala kwa ubavu wa kushoto, akauma kipande cha plastiki cha kuachamisha mdomo ili mpira upite.

Kidole chake kikagonga chuma cha kitanda mara mbili.