Mlango wa Ukili

Shemsa alifundisha biolojia, na jioni hiyo alikuwa akisuka majani ya mkindu kuwa pete ya ukili yenye pande nane. Ilikuwa mfano wa kuwaonyesha wanafunzi wake mlango wa kiini cha seli. Mama yake, Bi Mwanakombo, ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka na siku hizi alimwita "mgeni", alimtazama kwa huruma.

"Umelegeza, mgeni wangu. Hebu lete."

Akaifumua, akaisuka upya. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Katikati akaziacha ncha za miyaa zining'inie kama pazia, vilevile Shemsa alivyotaka.

"Milango hii ya protini ni ya kale, mama," Shemsa alisema. "Hata hamira ya maandazi yako inayo. Na ya ubongoni hudumu mno. Huenda uliyo nayo leo ndiyo uliyokuwa nayo uliponizaa."

Bi Mwanakombo aliigeuzageuza ile pete, kisha akaishika wima baina yao.

Shemsa akapenyeza kidole kati ya miyaa.

"Hodi," alinong'ona.

Upande wa pili, mama yake alikikamata kile kidole.

"Karibu," alisema. "Mbona umechelewa hivyo? Chai imeshapoa."

Kidole hakukiachia.