Difu ya Nguvu

Mteja alichokonoa meno kwa kijiti, kisha kwa kijiti hicho hicho, bado kina mate, akaanza kuhesabu meno ya difu, ile gia ya kuzungusha matairi ya nyuma.

"Arobaini na moja," akasema. "Na haka kadogo?"

"Nane," alijibu Fundi, macho pembeni. Miaka thelathini alikuwa ameogelea kwenye grisi na oili iliyooza, lakini hakuna kilichowahi kumchefua kama kijiti kile.

Kwenye gunia zilipangwa difu mbili na gia boksi mbili, zote za mtumba, zote nzima. Pikapu yenyewe, kuukuu, ilikuwa juu ya magogo, tumbo wazi. Mke wa mteja aliirithi kwa baba yake, na ndiye aliyeiendesha, akisambaza magunia ya chakula cha kuku. Mume hakujua hata kuiwasha. Ila kuamua, aliamua yeye.

"Bosi, hiyo ya nane ni difu ya nguvu," Fundi alijaribu. "Injini inazunguka mara tano ndipo tairi lizunguke mara moja. Ni ya kupandisha mawe mlimani. Huku kwetu tambarare tupu. Chukua hii nyingine, ya mbio, na gia boksi ya gia tano. Injini itapumua."

"Nimekuomba ushauri?" Mteja alitema kipande cha kitu sakafuni, karibu na spana. "Nataka ikivuka sitini ilie mpaka aliyeishika aone aibu. Na gia nne zinatosha. Mwanamke ukimpa mbio, anasahau kwake ni wapi."

Fundi akaiokota spana, akaifuta kwa kitambaa.

"Kila jioni nasoma kilomita," mteja aliendelea, akijisifu. "Naandika ukutani. Ikizidi hata moja, anaeleza. Sasa niambie, kwa difu hii, basi linaweza kuiacha?"

"Hata trekta litaiacha."

Mteja alicheka hadi povu likakaa pembeni mwa mdomo. Alipotoa leso kujifuta, kitu kikadondoka mfukoni. Fundi aliinama kukiokota. Zilikuwa picha ndogo za mtoto wa kike, nne kwenye karatasi moja, pazia la bluu nyuma yake, uso umetazama mbele bila kucheka.

"Binti yako?"

"Wangu mwenyewe." Akazinyakua. "Jumamosi iwe tayari. Isipite Jumamosi."

Angalau anampenda mtoto, Fundi aliwaza. Lakini kile kijiti hakikumtoka akilini. Alichukua sabuni ya kufulia, akaiosha ile difu mara mbili kwa brashi ngumu, kana kwamba mate ya mtu yule yangeweza kula chuma.

Alipomaliza kuiosha, aliitazama. Kisha akairudisha kwenye gunia, akalifunga gunia kwa kamba, na kuanza kuifungia pikapu ile ya mbio.

Jumamosi mchana mke alikuja peke yake, mtoto mgongoni. Alikuwa mwembamba, kanga imefungwa vizuri, sauti ya chini kama ya mtu aliyezoea ukuta kumsikiliza.

"Umeweka alichosema, mzee? Sitaki maneno nyumbani."

"Panda, binti yangu. Nikuonyeshe kitu." Fundi alimwelekeza kwenye usukani, akaegemea dirishani. "Kichwa cha gia kimechorwa nne, unaona? Sikukibadilisha. Lakini sukuma kulia, kisha juu. Hapo. Hiyo ni ya tano."

Mwanamke alisukuma. Gia iliingia kama kisu kwenye siagi. Akamtazama Fundi, mdomo wazi.

"Na difu ni ya mbio. Ukiikanyaga usishtuke. Kilomita nazo zitasoma pungufu, kwa sababu shafti haizunguki sana kama zamani. Mwenye kuandika ukutani ataandika anachokiona."

"Mzee, akijua?"

"Hajui kuwasha, atajua difu? Wewe nyamaza tu." Fundi alishusha sauti. "Siku ukichoka, binti yangu, barabara iko pale. Mchukue mtoto, nenda kwenu. Hakuna wa kukukamata."

Mwanamke alimfungua mtoto mgongoni. Alimweka mtoto kwenye kiti, akamfuta kamasi kwa ncha ya kanga, akawasha. Pikapu ilitoka getini taratibu, kama ng'ombe mzee. Kwenye barabara kuu Fundi aliisikia ikibadilika sauti, ikashuka, ikatulia. Ya tano hiyo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, halafu akaenda kunawa mikono hadi viwikoni.

Jumatatu asubuhi Fundi alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa gereji pikapu ilipoingia. Vumbi hadi kwenye paa. Boneti ilikuwa ya moto, wadudu wamepasukia kwenye kioo kizima. Mwanamke alikuwa na kanga kichwani, miguu mitupu, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala.

Fundi alitupa funguo, akamkimbilia.

"Umeondoka! Umefanya vizuri, binti yangu. Usiogope. Ngoja nikuangalizie oili na maji, kisha uende, usigeuke nyuma. Yule bwana akija hapa nitamwambia sijakuona."

"Niende wapi, mzee?" Mwanamke alishuka, akashikilia mlango. "Narudi nyumbani. Aliyeondoka ni yeye. Jana nimepeleka magunia, narudi nakuta nyumba tupu, jirani ananiambia wamepanda basi la mpakani."

Fundi alichungulia ndani. Kwenye kiti, mtoto alikuwa amelala fofofo, amevalishwa viatu vipya na koti la safari.

"Nimelipita basi kilomita mbili kabla ya mpaka, nikalizibia njia," alisema mama yake. "Abiria wenyewe ndio walionipa mwanangu dirishani."