Upande wa Kwanza

Saa kumi kasorobo alasiri, Bi Mosi aliweka santuri ya muziki wa roki, aliyoisikiliza peke yake kwa miaka thelathini, kwenye gramafoni ya klabu ya wasikilizaji. Kanuni ya klabu ilikuwa moja: mtu akiinuka kabla upande wa santuri haujaisha, santuri imekataliwa. Ikikataliwa mara tatu, hairudi tena. Yake ilikwishakataliwa mara mbili, na mara zote aliyeinuka alikuwa Mzee Shomvi.

"Makelele yale yale, shemeji?" aliuliza mzee.

"Yale yale. Na leo usisingizie kibofu."

Watu wakacheka. Sindano ikashuka.

Gitaa lilipoanza kukwaruza, Mzee Shomvi alikunja uso. Bi Mosi alitazama magoti ya mzee tu. Dakika ya tisa, ngoma zilipobaki zenyewe, magoti yale yalisogea. Bi Mosi akazuia pumzi. Mzee hakuinuka; kisigino chake kilikuwa kikipiga sakafu, sawasawa na mpiga ngoma.

Dakika ya ishirini na mbili upande uliisha. Wanachama wote kumi na wanne walikuwa vitini. Ndipo Mzee Shomvi akainuka, akaenda kwenye gramafoni, akaigeuza santuri.